Zamu ya Irja Haijaisha

Kama kuna mtu hapa mjini Varkaus aliyeuchukulia uzee kama kazi ya kuajiriwa, basi ni Kauko Rautiainen wa ghorofa ya tatu ya jengo letu. Asubuhi akipiga mswaki husimama kwa mguu mmoja, meno ya juu mguu wa kulia, meno ya chini mguu wa kushoto, kwa sababu alisoma gazetini kwamba mzee anayeanguka ni mzee aliyesahau kusimama. Anakunywa uji wa shayiri na beri za msituni alizozichuma kwa mikono yake. Chumvi hagusi, sukari ndiyo kabisa. Ziwa likiganda huchukua ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, akalizunguka mpaka nyusi zinaota barafu, na mkononi amefunga saa inayompa habari za moyo wake kila anapoiuliza. Ana miaka sabini na sita. Daktari wa kituo cha afya alimwambia kifua chake kina moyo wa mtu wa hamsini, na Kauko alitoka pale amejaa furaha, akatafuta wa kumwambia, akamkosa. Basi akaenda nyumbani akachemsha viazi.

Hapo ndipo penye kasoro, na hakuna saa ya mkononi inayoipima. Mkewe, Maire, alikwishafariki. Mwanawe yuko mbali, mji wa Oulu, na hupiga simu Siku ya Baba. Kuhusu akili, Kauko alijaza fumbo la maneno kila jioni akaona hilo linatosha, kwani akili nayo ni mashine, ukiizungusha kidogo haishiki kutu. Alikuwa fundi wa mashine za karatasi kiwandani maisha yake yote, na kwake kila kitu kilikuwa mashine. Kuzungumza na majirani hakukuwemo kwenye ratiba. Ukikutana naye ngaziani atakuinamishia kichwa, tena kidogo tu, asije akakuzoesha.

Msimlaumu peke yake. Nimekaa na watu hawa miaka mingi, mimi mgeni wao, na najua mtu wa hapa anaweza kuchungulia tundu la mlango, akiona jirani yuko ngaziani akasubiri apite kwanza ndipo atoke. Si chuki. Ni heshima yao, na wanaishika kama wengine wanavyoshika dini.

Heshima hiyo huonekana zaidi kwenye sauna, chumba chao cha kuogea kwa joto. Jengo letu lina sauna moja, chini kabisa, na kila nyumba ina zamu yake ya saa moja kwa wiki. Saa hiyo chumba kile cha mbao, jiko la mawe na joto lote ni vyako na Mungu wako. Huwezi kumwingilia mtu kwenye zamu yake, kama usivyoweza kumwingilia akiwa chumbani na mkewe. Na zamu za Jumamosi jioni ndizo lulu. Haziombwi wala haziuzwi. Watu husubiri mwenye nayo ahame au afe, na wala hawaoni haya kusema hivyo.

Jumamosi saa kumi ilikuwa zamu ya Irja Huuskonen wa ghorofa ya pili, mjane wa karibu miaka themanini, aliyekuwa mpishi wa shule. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watoto mia wakaja kula. Saa kumi na moja ilikuwa zamu ya Kauko. Kwa miaka yote hiyo walipishana kwenye kile kishoroba cha chini, yeye akitoka na nywele mbichi, huyu akiingia na taulo begani, na hawakuwahi kuambiana zaidi ya “jioni njema.”

Isipokuwa mara moja, na mara hiyo hawakutumia mdomo. Msimu wa baridi uliotangulia Irja alianza kuchelewa kutoka. Dakika tatu, dakika tano, unajua tena magoti ya uzee. Kauko hakumwambia kitu, hata siku moja. Alipanda nyumbani, akaandika kwa herufi kubwa za kifundi, akashuka na gundi ya karatasi, akabandika mlangoni: ZAMU HUISHA KWA WAKATI. TUHESHIMU MUDA WA WENGINE. Hakuweka jina. Haikuhitaji jina, maana baada ya saa kumi kuna nani mwingine? Jengo zima lilijua nani kaandika na nani kaandikiwa. Irja aliisoma, akawa mwekundu mpaka shingoni, na tangu siku hiyo hakuchelewa tena.

Sasa njoo kwenye Jumamosi yenyewe. Ilikuwa Februari, nje giza limekwishaanza kushuka na theluji inalia chini ya viatu. Kauko aliteremka mapema kama kawaida yake, akakaa kwenye benchi la kishorobani, mgongo ukutani, kandambili miguuni. Ukuta ule unapakana na sauna, na ukikaa pale unasikia maji yanavyolia juu ya mawe ya moto. Alisikia Irja akimwagia mawe kata moja, ile sauti ya tsss, akaona ni sawa, bado anaoga joto. Akaitazama saa yake. Muda ulikuwepo.

Kisha kikaja kishindo.

Kizito. Kikafuatiwa na ndoo ikibingirika kwenye vigae, halafu kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hapa mshindo ulitangulia, kimya kikafuata, na kile kimya ndicho kilichokuwa kibaya. Kauko aliinua kichwa. Akajiambia, kaangusha ndoo. Akangoja asikie akiiokota. Hakusikia. Kilichokuja baadaye kidogo ni kitu kama sauti ya mtu, mara moja tu, hafifu. Akajiambia ni mabomba.

Jamani, mtu mzima ana masikio mawili na moyo wa mtu wa hamsini, anajiambia ni mabomba!

Basi akafanya lile ambalo mtu wa hapa hulifanya akitaka kusema jambo zito. Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu kidogo. Hakujibiwa. Akaitazama saa. Zamu ya Irja ilikuwa haijaisha, na zamu ya mtu ni zamu ya mtu. Je, kama yuko uchi anajipaka sabuni? Je, kama analia, maana wajane hulia sauna, yeye mwenyewe aliwahi kulia mle baada ya Maire? Utaingia useme nini? Akakaa. Akausoma ubao wa matangazo kuhusu kupanga baiskeli. Akausoma tena.

Saa kumi na moja ikafika, mlango haukufunguka. Kauko akampa dakika tano za ustaarabu, na katika dakika hizo, Mungu amsamehe, alikuwa anatunga kichwani karatasi nyingine. Hii ingekuwa kali zaidi. Zilipokwisha alitoa ufunguo wake, akafungua chumba cha kubadilishia nguo. Nguo za Irja zilikuwa zimekunjwa vizuri kwenye kiti, sweta la sufu la buluu, miwani juu yake. Akasimama mbele ya mlango wa sauna akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa:

“Samahani, zamu yangu imeanza.”

Akafungua.

Irja alikuwa sakafuni, mguu umekaa mahali ambapo mguu haukai, uso umeiva, midomo imekauka. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama yeye. Na Kauko, alipoona mwanamke yuko uchi, aligeuza uso, akasema samahani mara ya pili, akaufunga mlango.

Aliufunga mlango. Nimelirudia kwa sababu yeye mwenyewe hulirudia mpaka leo, hata akiwa anamenya kiazi. Alisimama pale mkono uko kwenye kishikio, akili haitaki kukubali kile macho yalichokiona. Ilimchukua pumzi kadhaa kurudi kwenye ubinadamu wake. Akafungua tena, akaingia, akazima jiko, akamfunika kwa taulo lake, akamlowesha uso kwa maji baridi, akapiga simu ya dharura. Simu ikamponyoka ikaanguka kwenye maji. Ilikuwa inafanya kazi bado, nashukuru.

Wauguzi wa gari la wagonjwa walipofika walimuuliza swali moja la kawaida kabisa. Amelala hapa tangu lini?

Kauko alijua. Katika watu wote wa mji huu, yeye ndiye aliyejua mpaka dakika, kwa sababu kishindo kilipolia alikuwa ameitazama saa. Akafungua kinywa. Akasema, “Sijui.”

Irja alikuwa kwenye machela, macho yamefumba nusu. Alisikia. Kauko aliona kwamba kasikia.

Nyonga ilikuwa imevunjika, na lile joto lilikuwa limemnyonya maji yote mwilini. Kwa siku za mwanzo hakuna aliyejua kama atapona, na habari ilipanda ngazi kwa kunong’onezana mpaka ghorofa ya mwisho. Kauko naye alipigwa na pigo lake. Mwili ule alioutunza kama mashine ya serikali ukamgomea. Asubuhi ya pili alisimama kwa mguu mmoja na mswaki mdomoni, akayumba, akashika sinki. Usingizi ukahama. Uji haukushuka. Akitoka na ski, nusu ya njia miguu inakuwa mizito anageuza. Saa ya mkononi ikawa inamwambia kila wakati apumzike, apumzike, mpaka akaivua akaitia kwenye droo ya vijiko.

Kituo cha afya walimpima wakakuta presha imepanda vibaya. Muuguzi, binti mdogo wa kuweza kuwa mjukuu wake, alimuuliza kama anakula, anatembea, anavuta sigara. Kauko akajibu kwa fahari iliyobaki. Halafu binti akamuuliza huwa anazungumza na nani. Kauko alifikiri sana. Akasema na mwanawe. Lini mara ya mwisho? Siku ya Baba, ilikuwa Novemba. Binti akaandika, na Kauko alitoka pale ameduwaa, maana hakujua kama hilo nalo ni ugonjwa.

Irja alipohamishiwa wodi ya mazoezi ya viungo, Kauko alinunua mkate mtamu wa iliki dukani, yeye asiyegusa sukari, akaenda. Alizunguka hospitali mara mbili kwenye theluji kabla ya kuingia. Alimkuta Irja ameketi kitandani, amekonda, nywele zimechanwa, sauti ndiyo haikuwa imekonda hata kidogo.

“Umekuja kunibandikia karatasi?” Irja akamuuliza.

Kauko akasema amekuja na mkate. Irja akamwambia basi akae, kiti hicho hakina zamu. Akakaa. Wakaangalia dirishani. Watu wa hapa wanaweza kukaa hivyo mpaka chakula cha jioni kiletwe, lakini Kauko alikuwa amekuja na neno moja kifuani, na lilikuwa linamchoma.

“Nilikuwa nje,” alisema. “Nilisikia ukianguka.”

“Najua.”

“Niliwaambia sijui.”

“Hilo pia nalijua, nilikuwepo.” Irja akaumega mkate. “Kandambili zako nazifahamu kuliko nilivyofahamu za marehemu mume wangu, Bwana Kauko. Nilipoanguka, cha kwanza nilimshukuru Mungu, kwamba afadhali yuko pale nje, sasa hivi ataingia. Nikaita. Halafu nikakusikia unakohoa.”

Akatafuna.

“Hapo nikakata tamaa. Nikajua huyu atangoja saa kumi na moja. Nikalala pale naihesabu zamu yangu mwenyewe iishe.”

Kauko aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, usiku kucha alikuwa amejiandaa kwa hilo, na lilipokuja alilipokea. Alichokuwa hajajiandaa nacho ni kilichofuata, na Irja alikisema huku akifuta makombo kwenye shuka, wala si kwa hasira.

“Hujaniuliza nilianguka vipi.”

“Ulianguka vipi?”

“Nilikuwa ubao wa juu. Nikaiona saa kubwa ya ukutani mle ndani, nikaona zimebaki dakika chache. Na mimi tangu ile karatasi yako sikutaka tena watu wa jengo wanione nachelewa. Nikasimama upesi, nikateremka upesi. Kichwa kikazunguka.” Akamtazama. “Nilikuwa nakimbilia kukupisha.”

Macho yalimtoka Kauko. Alihisi kiti kinamtoroka chini yake. Alikuwa amekuja kukiri kosa la dakika chache, kumbe kosa lilikuwa na mwaka mzima, limebandikwa mlangoni kwa mkono wake, kwa herufi safi. Irja akamsukumia kipande cha mkate.

“Kula,” akasema. “Mkate umekauka, lakini kula. Una rangi ya maiti.”

Akala. Sukari na yote.

Aprili Irja akarudi nyumbani na kigari chake cha kutembelea. Na hapo ndipo vita vikaanza. Binti yake, Satu, aliyekuja kutoka Jyväskylä, alisema sauna basi. Tena akasema na ghorofa ya pili basi, kuna nyumba nzuri za wazee, zenye kengele ukutani na watu wa kuitikia. Irja akajibu kwamba ana bomba la kuogea nyumbani kwa ajili ya mwili, lakini roho yake haiogei bombani. Tangu alipozaliwa, na alizaliwa saunani kama watoto wengi wa enzi ile, hajawahi kukaa wiki nyingi hivyo bila joto. Alisema maneno hayo kwa sauti ya kuita watoto mia, na sote tukayasikia ngaziani. Tulisikia pia mama mmoja wa ghorofa ya kwanza akimuuliza mwenyekiti wa jengo, taratibu tu, kwamba ile zamu ya Jumamosi saa kumi itapewa nani. Lo! Mwenyewe yuko hai, anapumua, na zamu yake inagombewa. Irja alizipata habari hizo. Siku mbili hakutoka nyumbani, na Satu akaanza kuleta maboksi ya kuhamia.

Kauko aliyaona maboksi pale mlangoni. Alipanda mpaka kwake, akashuka, akapanda, akashuka tena. Halafu akabisha hodi. Kwa jirani. Bila kukohoa kwanza.

Satu alimfungulia akamsikiliza pale pale kizingitini, mikono kifuani. Kauko alisema atakaa chumba cha kubadilishia nguo kila Jumamosi, zamu nzima ya Irja, mlango wa sauna ukiwa kati yao. Satu akasema wazi, hakuuma maneno: “Mzee Kauko, nisamehe, lakini mara ya kwanza pia ulikuwa mlangoni.”

Lilimwingia mpaka mfupani. Irja ndiye aliyejibu kutoka jikoni, akisema mara ya kwanza walikuwa wawili na kimya, safari hii kimya hakiingii. Sharti lake lilikuwa hili: watazungumza muda wote. Yeye atajifunga shuka, atakaa ubao wa chini, na wataongea kupitia mlango bila kukatika.

“Nikinyamaza, unaingia,” alimwambia Kauko. “Hungoji saa, hubishi hodi, hukohoi.”

“Nitaongea nini?” Kauko aliuliza, na hofu ilikuwa usoni kwake waziwazi.

“Chochote. Hata nitukane.”

Satu akasema atajaribu mwezi mmoja, na likitokea lolote maboksi yanafungwa. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na Kauko alilijua: mdomo wake uliokaa bure miaka yote hiyo ndio sasa ungeamua kama mwanamke huyu abaki kwake au aondoke.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mateso. Alimweleza habari za beringi za mashine ya karatasi, jinsi zinavyopakwa mafuta, mpaka Irja akamwomba kwa jina la Mungu abadilishe mada, kwani hajapona nyonga na sasa anaumwa masikio. Ya pili akamsomea gazeti. Ya tatu Irja alimsimulia mtoto aliyekuwa akificha maini mfukoni kila siku ya maini pale shuleni, na mama yake anayakuta kwenye kufua, na Kauko akacheka. Alishtuka aliposikia kicheko chake, akageuka kutazama nani kaingia. Watu tuliokuwa tukipita kishorobani kwenda kufua nguo tulisimama tukatazamana. Sauti mbili saunani, moja ya Kauko Rautiainen! Mama wa ghorofa ya kwanza alibaki mdomo wazi, kapu la nguo mkononi. Kwa watu wa hapa hilo lilikuwa kubwa kuliko hata kuanguka kwenyewe.

Usingizi ulimrudia. Uji ukashuka. Ile saa sijui kama aliitoa kwenye droo, sikuiona tena mkononi mwake.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule Satu alikuwa juu, maboksi bado hayajafunguliwa wala kufungwa. Kauko alikuwa mahali pake, mgongo kwenye mlango wa sauna, anazungumza habari za Maire kwa mara ya kwanza. Jinsi alivyofariki hospitali wakati yeye yuko kwenye maegesho anafuta theluji kwenye gari, kwa sababu saa ya kutembelea wagonjwa ilikuwa haijafika na hakutaka kusumbua. Alilisema lile neno, hakutaka kusumbua, akashangaa mwenyewe, maana alikuwa hajawahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Akauliza kama Irja anaona ni kosa lake.

Hakujibiwa.

“Irja?”

Mawe tu yalikuwa yanalia mle ndani.

Nami nawaambia, mazoea ya miaka sabini na sita hayafi kwa mwezi mmoja. Yalimjia yote kwa pamoja. Labda anajipaka sabuni. Labda analia. Zamu yake haijaisha. Koo lake lilikuwa limekwishajiandaa, kikohozi kimefika hapa, na macho yanatafuta saa. Akakimeza. Akakishika kishikio akavuta mlango kwa nguvu zote, akaingia na sweta lake la sufu na soksi, miwani yake ikapata ukungu hapo hapo, haoni kitu, mikono inapapasa hewani kumtafuta sakafuni.

Sakafuni hapakuwa na mtu. Irja alikuwa ameketi ubao wa chini, wima, shuka limefungwa barabara, kata ya maji mkononi, anamtazama.

“Nilitaka kuona,” alisema.

Kauko alivua miwani. Alipofungua kinywa yalitoka matusi ambayo wiki zote hizo alikuwa hajayatumia, moja baada ya jingine, kwamba ni mwanamke gani huyu, ana roho gani, anataka kumuua. Irja hakumkatiza. Alipomaliza, Kauko aliona kwamba yeye mwenyewe analia, na hakujua machozi yalianza lini.

“Samahani,” Irja akasema. “Ile mara ya kwanza nililala pale nikawaza kama kuna mtu yeyote duniani atakayefungua. Nilikuwa silali kwa kuwaza hivyo, Kauko. Nilikuwa lazima nijue.”

Alimwita Kauko, bila Bwana. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na hewa baridi ya chumba cha kubadilishia nguo inaingia miguuni.

“Funga mlango,” Irja akamwambia. “Joto linatoka.”

Akaufunga. Safari hii aliufunga akiwa upande wa ndani, akakaa mwisho wa ubao na sweta lake, jasho linamtiririka mpaka ndevuni. Irja akamwagia mawe kata moja. Kisha akalijibu lile swali la Maire, polepole, na alichosema ni cha wao wawili. Saa kumi na moja ikafika ikapita, zamu ya Kauko ikaanza, na hakuna aliyeinuka.